Watoto watatu nyumbani, wawili kwenye ritani: kisa cha EITC mjini Cedar Rapids

Mama wa kisa hiki anafua na kupiga pasi nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Analipwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na fomu yake ya W-2 ya mwaka 2024, ile ambayo mwajiri huandika mshahara wa mwaka mzima, ilionyesha dola 31,200. Hana mume. Ni Mkongo wa Fizi, Kivu Kusini, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa Marekani kama mkimbizi. Nyumbani kwake kuna watoto watatu: binti yake wa miaka 10, mvulana wa miaka 12 ambaye baba yake marehemu alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa mama huyu, na mvulana wa miaka 7 aliyezaliwa na mdogo wake wa kike. Mdogo mtu mwenyewe, miaka 27, anaishi humo humo. Anafagia ofisi usiku kwa saa chache, na mwaka huo alipata dola 9,000.

Kisa nimekiunganisha kutoka mambo yanayozipata familia nyingi, kwa hiyo hakuna wa kutafutwa. Kanuni na viwango ni vya kweli, vya mwaka wa kodi 2024. Pale ninaposema takriban ni kwa sababu majedwali ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hukadiria kwa mafungu ya dola 50.

Tuanze na pesa yenyewe. EITC ni nafuu ya kodi kwa mtu anayefanya kazi na kipato chake ni kidogo. Ilianza mwaka 1975, Rais Gerald Ford alipotia saini sheria iliyoibeba, na aliyeisukuma zaidi kwenye Seneti ni Russell Long wa Louisiana. Wakati ule ilikuwa asilimia 10 ya kipato, isizidi dola 400. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyakazi wa chini hukatwa mchango wa Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya taifa, tangu dola ya kwanza hata kama hadaiwi kodi ya mapato, basi arudishiwe kitu, na arudishiwe kwa sababu anafanya kazi. Nguvu yote ya mpango huu iko kwenye neno moja la sheria: inarejeshwa. Nafuu ikizidi kodi unayodaiwa, serikali haifuti deni na kuishia hapo, inakulipa tofauti yote mkononi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea PAYE ikishakatwa imekatwa, hili huchukua muda kuingia akilini.

Kiasi hakiendi sawa na mshahara. Mwenye watoto wawili mwaka 2024 alipata senti 40 kwa kila dola aliyochuma mpaka kipato kilipofika dola 17,400, ambapo nafuu ilikuwa 6,960. Ikasimama hapo mpaka dola 22,720 kwa asiye na mwenzi wa ndoa. Baada ya hapo ikaanza kushuka kwa senti 21 kwa kila dola, ikaisha kwenye 55,768. Mama wetu yuko kwenye mteremko. Akiongezewa dola moja kwa saa, mwaka mzima anapata 2,080 zaidi, lakini EITC inapungua kama dola 438. Wafanyakazi wengi huliona hili bila kuelezwa: ovataimu ya mwaka mzima, halafu Februari pesa za kodi zinakuja pungufu na mtu anadhani kaibiwa.

Sambamba na EITC kuna nafuu ya mtoto, ambayo mwaka 2024 ilikuwa dola 2,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 17, na kati ya hizo mpaka 1,700 ziliweza kurejeshwa kama pesa. Hizi mbili husafiri pamoja kwenye ritani moja, yaani tamko la kodi la mwaka, na ndiyo maana kosa kwenye orodha ya watoto huuma mara mbili.

Mezani kwa mtayarishaji

Mwishoni mwa Januari 2025 mama alikwenda kwenye duka moja la kutayarisha ritani, yale yanayofunguliwa Januari na kufungwa Aprili. Ada inakatwa kwenye marejesho yenyewe, hivyo hutoi senti siku hiyo. Mkalimani alikuwa binti yake wa miaka 10.

"Watoto wangapi?"

"Watatu. Huyu wa kwangu, huyu wa mdogo wangu, na huyu wa kaka yangu."

Mtayarishaji akaandika: binti, mpwa, mtoto wa kaka. Watoto wa ndugu wanakubalika kwenye EITC, namba zote tatu za Social Security zipo, wote wameishi na mama mwaka mzima. Akabonyeza, ritani ikaenda. Hesabu ya watoto watatu ilitoa EITC takriban 6,040 na nafuu ya mtoto inayorejeshwa 4,305. Jumla 10,345, ukiacha kodi kidogo iliyokuwa imekatwa kwenye mshahara. Kwa mtu anayeleta nyumbani chini ya elfu tatu kwa mwezi, hiyo ni gari la kwendea kazini, au kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Mama hakudanganya. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na mtoto wake ni mtoto wako. Fizi hakuna anayeendelea kuuliza baada ya hapo, na Nyarugusu hakuna aliyeuliza: mvulana aliandikwa kwenye faili moja na mama, wakapanda ndege pamoja. Sheria ya kodi ya Marekani, hata hivyo, ina orodha yake. Wamo watoto wa kuzaa, wa kambo, wa kuasili, na wa malezi waliokabidhiwa na wakala wenye mamlaka au kwa amri ya mahakama. Wamo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ndugu wa mzazi mmoja, ndugu wa kambo. Wamo pia wazao wa hao wote, yaani wajukuu na watoto wa dada na kaka. Binamu hayumo. Mtoto wa binamu hayumo, hata ukimlea tangu anyonye, na kuorodheshwa naye kwenye kesi moja ya ukimbizi peke yake si amri ya mahakama.

Nimeona watu wakiita hii hila ya wahamiaji, na takwimu za IRS zenyewe husaidia kelele hizo, maana kwa miaka mingi zaidi ya moja ya tano ya malipo ya EITC hukadiriwa kuwa yalikosewa. Ukichungulia ndani, sehemu kubwa ya makosa ni maswali ya aina hii: mtoto ni wa nani, amelala wapi, nani kati ya wakubwa wawili ana haki ya kumwandika. Kwa mezani pale swali moja lingetosha: "Wewe na baba wa mtoto huyu mlichangia baba au mama?" Mama angejibu hapana bila kusita. Na kuuliza si hisani. Mtayarishaji anayelipwa analazimika kujaza fomu 8867 akithibitisha kwamba amehoji na kuandika majibu, na kwa ritani zilizopelekwa mwaka 2025 faini yake ilikuwa dola 635 kwa kila nafuu aliyozembea. Kumtumia mtoto wa darasa la nne kutafsiri maswali ya ukoo, kwa maoni yangu, ni uzembe huo huo.

Mdogo mtu na ritani iliyokataliwa

Sheria ya mwaka 2015 inaizuia IRS kutoa marejesho yenye EITC kabla ya katikati ya Februari, ili ipate muda wa kulinganisha ritani na W-2 za waajiri. Mama alilijua hilo, akangoja. Wiki hizo hizo mdogo wake akaenda kwa mtayarishaji mwingine, akamwandika mwanawe. Ritani ikarudi papo hapo kutoka kwenye mfumo: namba ya mtoto imeshatumika.

Hapo nyumba ikawaka moto. "Yaya, umekula pesa ya mwanangu," ndivyo alivyosema, akimwita mkubwa wake kama Wakongo wanavyoita. Mama naye akaona hana kosa: nyumba analipa yeye, chakula yeye, mtoto analala kwake.

Kisheria wote wawili walikuwa na hoja. Mvulana wa miaka 7 alitimiza masharti kwa wote, kwa mama yake na kwa mama yake mkubwa. Wakimdai wote, mzazi ndiye anayeshinda. Mzazi akiamua kutomdai, mwingine anaweza kumdai ilimradi kipato chake kimezidi cha mzazi anayeishi na mtoto. 31,200 dhidi ya 9,000, sharti limetimia. Kilichokosekana ni mdogo mtu kuulizwa.

Kabla ya kugombana zaidi ilifaa wapige hesabu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda katika kisa chote. Mdogo mtu akimwandika mwanawe, anapata EITC takriban 3,060 na nafuu ya mtoto 975, jumla 4,035. Mama akibaki na binti yake tu anapata EITC takriban 2,858 na nafuu ya mtoto 1,567, jumla 4,425. Nyumba nzima: 8,460.

Sasa geuza. Mama anawaandika binti na mpwa: EITC takriban 5,170 na nafuu ya mtoto 3,400, jumla 8,570. Mdogo mtu, kwa kuwa ana miaka kati ya 25 na 64, bado anastahili EITC ndogo ya asiye na mtoto, dola 632. Nyumba nzima: 9,202. Nyongeza ya Iowa, ambayo ni asilimia 15 ya EITC ya shirikisho na inarejeshwa pia, haibadilishi jibu.

Kwa hiyo ni afadhali mtoto aandikwe kwa mama mkubwa, na nyumba inafaidi dola 742. Lakini karatasi hiyo inamwacha mdogo mtu na 632 badala ya 4,035. Ili asipoteze, dada yake lazima ampe 3,403 kutoka kwenye marejesho yake, na bado mama anabaki na hizo 742 zaidi ya ambazo angepata akimwandika binti peke yake. IRS haina haja na makubaliano hayo. Ni ya sebuleni, yaandikwe kwenye daftari na wote wawili waweke sahihi. Walifanya hivyo, ingawa si kabla ya mjomba wao wa Des Moines kupigiwa simu mara kadhaa.

Mvulana wa miaka 12 naye hakupotea kabisa. Kwa kuwa aliishi kwenye nyumba hiyo mwaka mzima, hana kipato, na mama ndiye anayemtunza, anaandikwa kama mtegemezi wa kawaida mwenye nafuu ya dola 500. Wengi huipuuza kwa sababu yenyewe hairejeshwi. Kwa mama huyu ilikuwa na kazi: kodi yake ya mapato ilikuwa kama dola 930, na zile 500 zikasaidia kuimeza, zikaacha sehemu kubwa zaidi ya nafuu ya watoto wengine kurudi kama pesa. Bila mvulana huyo kwenye ritani, badala ya 3,400 angepata kama 3,067.

Barua ya Machi

Marejesho ya EITC ya watu wengi yaliingia benki mwanzoni mwa Machi. Kwa mama ilikuja bahasha. Barua aina ya CP75: pesa zimeshikiliwa, leta uthibitisho kwamba watoto hawa ni wa ukoo unaokubalika na waliishi nawe zaidi ya nusu mwaka, una siku 30.

Mara ya kwanza alidhani ni idara ya uhamiaji, akaificha barua chini ya godoro. Hofu hii ni ya kawaida, na ni ya hatari kuliko kosa lenyewe, kwa sababu asiyejibu huhesabiwa kuwa hana ushahidi na nafuu yote inakatwa, ya binti wa kumzaa ikiwemo. Ukaguzi wa namna hii hufanywa kwa barua tu, huoni sura ya mtu. Utafiti uliotoka Stanford mwaka 2023 uligundua kwamba Wamarekani weusi hukaguliwa mara karibu tatu mpaka tano zaidi ya wengine, EITC ikichangia sehemu kubwa, na kamishna wa IRS wa wakati huo, Danny Werfel, aliliambia Seneti mwezi Mei mwaka huo huo kwamba tofauti hiyo ipo. Fomu haiulizi rangi. Kompyuta inachagua ritani, na inavyochagua ndivyo inavyotokea.

Duka la ritani lilisema msaada wa ukaguzi una ada yake, kando. Aliyemtoa gizani ni mwanamke mwenzake kanisani aliyemwelekeza kwenye kliniki ya kisheria ya walipakodi wa kipato cha chini. Kliniki hizi zilianza kupewa ruzuku kwa sheria ya mwaka 1998, hupokea kwa kawaida watu ambao kipato chao hakizidi asilimia 250 ya mstari wa umaskini, na hazitozi kitu au hutoza kidogo sana. Zilimpa wakili na mkalimani mtu mzima.

Kazi ikawa makaratasi. Shule ilitoa barua nzuri yenye muhuri, lakini ilikuwa ya mwaka wa masomo 2024/25. Mwaka wa shule Iowa huanza Agosti, kwa hiyo barua ile ilithibitisha miezi kama minne tu ya 2024, pungufu ya nusu. Ilibidi iombwe na ya 2023/24. Hiyo ya pili ikaja na anwani ya zamani, kwa sababu walihama mwezi Agosti kutoka chumba kimoja kwenda kingine katika jengo lile lile, na namba ya mlango haikulingana na ya kwenye ritani. Mwenye nyumba akaandika mistari mitatu akitaja namba zote mbili, tarehe ya kuhama, na majina ya watoto. Zahanati ikatoa orodha ya chanjo yenye anwani. Ukimwona mtu anapoteza EITC ya watoto wake halali, mara nyingi ni kwa mambo ya ukubwa huu: mwezi uliokosekana, namba ya mlango.

Undugu wa mpwa ulikuwa mgumu zaidi. Kwa kawaida unaonyesha mnyororo wa vyeti: cha mama, cha mdogo wake, vyote vikitaja mzazi mmoja, na cha mtoto kikimtaja mdogo mtu. Binti wa miaka 10 alikuwa na cheti cha Tanzania. Dada hao wawili hawana cha Fizi, walikimbia bila kitu. Wakili akatumia karatasi za kesi zao za ukimbizi zinazotaja wazazi wale wale, akaongeza tamko la kiapo la mdogo mtu likisema mtoto ni wake na kwamba ameamua asimwandike mwaka huu.

Kuhusu mvulana wa tatu wakili hakubishana. Aliandika wazi kwamba hakidhi sharti la undugu, akaeleza kosa lilivyotokea, akaomba abaki kama mtegemezi wa dola 500. Nadhani hapo ndipo kesi iliposhindwa au kushinda. Anayedai EITC kwa kutojali kanuni hufungiwa miaka 2, na kwa ulaghai miaka 10. Mtu anayesema mapema hapa nilikosea, na hawa wawili ni halali kwa ushahidi huu, hafanani na yeyote kati ya hao. Na kama IRS ingekataa yote, bado kulikuwa na njia: baada ya notisi rasmi ya upungufu unapata siku 90 kupeleka shauri Mahakama ya Kodi ya Marekani, ada dola 60, na usiyeweza kulipa unaomba usamehewe.

Haikufika huko. IRS ilikubali binti na mpwa, ikaondoa wa tatu kwenye EITC na nafuu ya mtoto. Pungufu ya 1,775 kutoka hesabu ya Januari, na sehemu ya Iowa ikashuka kama dola 130. Pesa iliingia majira ya joto, ada ya duka ikiwa imeshakatwa. Mdogo mtu, aliyekuwa ameleta ritani upya bila mtoto kupitia kituo cha VITA, ambako watu wa kujitolea huandaa ritani bure, alipata zile 632 zake na baadaye zile za daftari.

Kwa ritani ya 2025 mama atalazimika kuambatisha fomu 8862, ambayo hudaiwa kwa yeyote ambaye EITC yake ilipunguzwa kwenye ukaguzi. Wakili pia amemfungulia ombi la ulezi wa mvulana wa miaka 12 kwenye mahakama ya watoto ya Iowa, maana mtoto aliyekabidhiwa kwa amri ya mahakama yumo kwenye orodha. Nafuu ya mtoto imepandishwa kuwa 2,200 kuanzia mwaka huo, na mdogo mtu ameongezewa saa za kazi, kwa hiyo hesabu ya nani amwandike mtoto wa miaka 7 itapigwa upya, wote wawili wakiwa mezani, kabla ya yeyote kupeleka ritani yake.